Maina: Ndege wawili wa jamaa moja, mmoja adimu porini, mwingine kero mijini

NDEGE wawili wa jamaa moja wanaweza kulingana kwa umbo, kwa ukubwa na hata kwa chakula wanachokula, kisha kila mmoja akafikwa na yake. Ndivyo ilivyo kwa maina wa Bali na maina wa kawaida. Wa kwanza alikuwa amebakia sita tu porini mwaka wa 2001, katika kisiwa cha Indonesia ambacho ndicho makao yake ya asili pekee duniani. Wa pili ametapakaa kutoka Asia hadi Australia, visiwa vya Bahari Hindi, Afrika Kusini na nchi za Ghuba, na serikali kadhaa zimelazimika kutumia fedha na nguvu nyingi ili kumpunguza.

Kinachowaunganisha ndege hawa si damu peke yake. Wote wawili wamefikishwa hapo walipo na mkono wa binadamu. Mmoja alitolewa porini akatiwa tunduni, na mwingine akatolewa tunduni akaachiliwa mahali ambapo hakuwa na asili. Kwa sababu hiyo, kisa chao si cha wapenzi wa ndege pekee. Ni kisa kinachoihusu kila nchi ambayo ina viumbe wa kulinda, Kenya ikiwemo.

Jamaa ya kwezi

Maina ni ndege wa jamaa ya kwezi, ambao baadhi ya Waswahili huwaita kwenzi. Jamaa hii, inayojulikana na wanasayansi kama Sturnidae, ina zaidi ya spishi 110. Mkenya hahitaji kusafiri mbali ili kuwaona baadhi yao. Kwezi mwenye mgongo wa samawati inayometameta na tumbo la rangi ya kutu ni ndege wa kawaida katika bustani na mbuga nyingi nchini, na hata hujongea mezani kuokota makombo pale watalii wanapokula.

Neno ‘maina’ lina asili ya Kihindi na limetumika kwa karne nyingi katika Bara Hindi. Halina uhusiano wowote na jina la Maina linalotumiwa na wanaume wa jamii ya Agikuyu, ingawa matamshi ni yale yale.

Maina wengi wana tabia zinazofanana. Hujenga viota katika mashimo ya miti au pahali palipositirika, hula wadudu na matunda, na wanapokuwa ardhini hutembea kwa hatua kama binadamu badala ya kurukaruka. Aidha, ni ndege wenye kelele nyingi na sauti za namna mbalimbali, na baadhi yao wana kipaji cha kuiga sauti wanazozisikia. Kipaji hicho, pamoja na uzuri wa baadhi yao, ndicho kilichowafanya watafutwe na wafugaji wa ndege tangu jadi.

Maina wa kawaida

Maina wa kawaida, ambaye jina lake la kisayansi ni Acridotheres tristis, alielezwa na mwanasayansi wa Uswidi, Carl Linnaeus, mwaka wa 1766. Ana urefu wa takriban sentimita 23 hadi 25 na uzani wa gramu 110 hivi. Mwili wake ni wa kahawia na kichwa chake ni cheusi. Mdomo na miguu yake ni ya manjano, na nyuma ya jicho ana ngozi tupu ya manjano. Anaporuka, mabaka meupe huonekana wazi kwenye mbawa zake.

Makao yake ya asili yanaanzia Iran na Asia ya Kati, kupitia Afghanistan, Pakistan, India, Nepal, Bangladesh na Sri Lanka, hadi kusini-mashariki mwa Asia. Katika nchi hizo amezoea kuishi karibu na watu. Hutembea katika mashamba yanayolimwa akiokota wadudu waliofukuliwa na plau, hufuata mifugo, na hupekua taka sokoni. Wakati wa magharibi hukusanyika kwa mamia, pengine maelfu, katika miti wanayolala, na kelele zao husikika kutoka mbali.

Jike hutaga mayai manne hadi sita yenye rangi ya samawati, na wazazi wote wawili hushirikiana kuyaatamia na kulisha makinda. Kiota kinaweza kuwa katika shimo la mti, chini ya paa, ndani ya ukuta uliobomoka au kwenye nguzo ya taa. Ndege huyu hachagui. Kutochagua huko ndiko kulikomwezesha kustawi karibu kila mahali alipopelekwa.

Maina wa Bali

Maina wa Bali, Leucopsar rothschildi, ni ndege wa sampuli nyingine kabisa kwa sura. Mwili wake wote ni mweupe pepepe, isipokuwa ncha za mbawa na za mkia ambazo ni nyeusi. Kuzunguka macho yake ana ngozi tupu ya samawati iliyokolea, na kichwani ana kishungi kirefu cha manyoya meupe ambacho hukisimamisha anapomwonyesha mwenzake mapenzi au anapotaka kumtisha mpinzani. Urefu wake ni sentimita 25 hivi, yaani hapishani sana na binamu yake wa kahawia.

Sayansi ilichelewa kumjua. Mtaalamu wa ndege wa Ujerumani, Erwin Stresemann, alimpata Bali mwaka wa 1911 na kumweleza rasmi mwaka uliofuata, akampa jina la Walter Rothschild, tajiri wa Uingereza aliyekuwa na hifadhi kubwa ya vielelezo vya wanyama na ndege. Wenyeji wa Bali humwita ‘jalak Bali’.

Makao yake ya asili ni misitu mikavu na nyika za kaskazini-magharibi mwa Bali. Hutaga katika mashimo ya miti, mara nyingi yale yaliyoachwa na vigong’ota, na kwa kawaida hutoa mayai mawili au matatu. Hula wadudu, minyoo, matunda na mbegu. Tofauti na maina wa kawaida, huyu hakuwahi kujitoma mijini akajitafutia riziki kwenye majaa ya taka. Msitu wake ulipofyekwa ili kupisha mashamba na makazi, hakuwa na pengine pa kukimbilia.

Mkoa wa Bali umemfanya kuwa nembo yake, na picha yake ilitiwa kwenye sarafu ya rupia 200 iliyotolewa na Indonesia mwaka wa 2003. Cha kusikitisha ni kwamba wakati sarafu hiyo ilipoanza kupita mikononi mwa mamilioni ya watu, ndege mwenyewe alikuwa karibu kutoweka porini.

Aliyeitwa kuua nzige

Jina Acridotheres lina maana ya mwindaji wa nzige, na sifa hiyo ndiyo iliyomtoa maina wa kawaida kwao. Katika karne ya 18 alipelekwa katika visiwa vya Mauritius na Reunion ili akabiliane na nzige waliokuwa wakiharibu mashamba. Mwaka wa 1862 waliachiliwa mjini Melbourne, Australia, kwa matumaini kwamba wangekula wadudu katika mashamba ya mboga, na baadaye wakapelekwa katika mashamba ya miwa ya Queensland. Hawaii iliwapokea mwaka wa 1865 kwa sababu hizo hizo za kupambana na viwavi, na New Zealand ikafuata katika miaka ya 1870.

Kwingineko hawakuletwa kwa mpango wa serikali. Mjini Durban, Afrika Kusini, ndege waliotoroka kutoka tunduni walizaana na kuenea hadi Johannesburg na zaidi. Katika pwani ya Afrika Mashariki, maina aliletwa Unguja na Pemba, ambako wakazi wamemzoea kiasi cha kudhani kwamba amekuwapo siku zote. Katika miongo ya hivi karibuni amezagaa pia katika miji ya Ghuba, ambako biashara ya ndege wa kufugwa ilichangia pakubwa kumfikisha.

Wakenya wanaokumbuka uvamizi wa nzige wa jangwani mwishoni mwa 2019 na katika mwaka wa 2020 wanaweza kuelewa ni kwa nini wakulima wa zamani walishawishika. Mtu anayetazama mimea yake ikiliwa usiku na mchana huwa tayari kujaribu lolote. Tatizo ni kwamba maina hakusoma mkataba aliotiliwa saini. Alikula nzige walipokuwapo, na walipokosekana alikula zabibu, tini, mayai na makinda ya ndege wengine.

Mgeni aliyegeuka mwenye nyumba

Mwaka wa 2000, wataalamu wa spishi vamizi wa Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Maumbile (IUCN) walitoa orodha ya viumbe 100 vamizi wanaoleta madhara makubwa zaidi duniani. Katika orodha hiyo iliyojaa magugu, wadudu, samaki na panya, ndege walikuwa watatu tu. Mmoja wao ni maina wa kawaida, na wa pili ni kwezi wa Ulaya. Kwa maneno mengine, wawili kati ya watatu hao wanatoka katika jamaa moja ya kwezi.

Madhara yake ni ya namna tatu. Kwanza ni ushindani wa viota. Ndege wanaotaga katika mashimo hawana uwezo wa kutoboa shimo jipya kila msimu, na maina hulinyakua lililopo na kulilinda kwa ukali. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, uliotumia takwimu za miaka 29 mjini Canberra, Australia, ulionyesha kwamba baada ya maina kufika, idadi ya baadhi ya ndege wa kiasili wanaotaga katika mashimo ilipungua. Ndege hao waliingizwa katika mji huo mnamo 1968.

Pili ni mashambulizi ya moja kwa moja. Hali hii ilidhihirika zaidi katika visiwa vya Ushelisheli, jirani ya Kenya upande wa mashariki. Katika kisiwa cha Denis, ambako ndege adimu wa visiwa hivyo walihamishiwa ili wapate usalama, watafiti waliwakuta baadhi yao wakiwa na majeraha ya kichwa yaliyosababishwa na maina. Kazi ya kuwaondoa maina kisiwani humo ilianza mwaka wa 2010 na kuchukua takriban miaka mitano. Zaidi ya maina 1,000 waliondolewa, katika kisiwa ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu kwa muda wa saa chache. Wa mwisho ndio waliokuwa wagumu kuliko wote, kwa sababu walikuwa wameshajifunza kutambua mitego na kuwaepuka wapiga risasi.

Tatu ni kueneza magugu. Huko Hawaii, maina alisaidia kusambaza mbegu za lantana, kichaka chenye maua ya rangi nyingi ambacho wakulima na wafugaji wa Kenya wanakijua vyema kwa jinsi kinavyoteka malisho. Maina hula tunda, kisha hudondosha mbegu mbali na kichaka mama. Hivyo ndege aliyeletwa kumfaa mkulima akawa mpanzi wa gugu linalomsumbua mkulima huyo huyo.

Qatar na Oman nazo zimeendesha kampeni za kuwanasa maina kwa maelfu. Hata hivyo, wahifadhi hutahadharisha kwamba si kila lawama anayotupiwa ndege huyu imethibitishwa. Katika miji mingi, ukataji wa miti mikongwe yenye mashimo ndio unaoanza kuwanyima ndege wa kiasili makao, kisha maina huja kumalizia kazi hiyo.

Aliyeponzwa na uzuri

Iwapo maina wa kawaida alifaulu kwa kutochagua, maina wa Bali aliponzwa na uzuri wake. Katika miaka ya 1960 na 1970, ndege hao walisafirishwa kwa mamia kwenda Ulaya na Marekani. Indonesia ilimpa ulinzi wa kisheria mwaka wa 1970, na Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Viumbe Walio Hatarini (CITES), ulioanza kutumika mwaka wa 1975, ulimweka katika kiambatisho cha kwanza, ambacho huzuia biashara ya kimataifa ya viumbe waliotwaliwa porini.

Sheria hizo zilipunguza usafirishaji wa wazi, lakini hazikuzima kiu ya wanunuzi. Nchini Indonesia kwenyewe, hasa katika kisiwa cha Java, kufuga ndege ni mila ya kale. Wajava husema kwamba mwanamume aliyekamilika huwa na nyumba, mke, farasi, jambia na ndege. Siku hizi kuna pia mashindano ya ndege wa kuimba, ambapo mshindi huzawadiwa fedha na thamani ya ndege wake hupanda maradufu. Uchunguzi uliofanywa katika kisiwa hicho mwaka wa 2018 ulikadiria kwamba karibu thuluthi moja ya familia zilikuwa na ndege nyumbani, na kwamba ndege wote waliokuwa tunduni walikuwa kati ya milioni 66 na milioni 84.

Katika mazingira kama hayo, kadiri ndege anavyozidi kuwa adimu ndivyo bei yake inavyopanda, na kadiri bei inavyopanda ndivyo wawindaji haramu wanavyozidi kumwandama. Katikati ya miaka ya 1990, maina mmoja wa Bali aliweza kuuzwa kwa njia ya magendo kwa takriban dola 2,000 za Marekani, pesa ambazo mkulima wa kawaida wa Bali hangezipata kwa miezi mingi ya jasho.

Takwimu zinasema yaliyobaki. Mwaka wa 1984 ilikadiriwa kwamba ndege kati ya 125 na 180 walikuwa porini. Kufikia 1990 hawakuzidi 20. Idadi ilipanda kidogo mapema katika miaka hiyo ya 1990, wakati ulinzi ulipoimarishwa na ndege wengine kuachiliwa, kisha ikaporomoka tena hadi hao sita wa mwaka wa 2001.

Tukio moja lilionyesha jinsi mambo yalivyokuwa mabaya. Mnamo 1999, genge lenye silaha lilivamia kituo cha kuzalishia ndege ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bali Magharibi na kutoroka na ndege 39. Ndege waliokuwa wakitunzwa ili warudishwe msituni wakaishia katika soko lile lile walilokuwa wakikingwa nalo.

Juhudi za kumrudisha

Maina wa Bali alinusurika kwa sababu ya jambo ambalo lilikuwa pia chanzo cha msiba wake. Wale waliosafirishwa ng’ambo walizaana tunduni. Mradi wa kumwokoa ulianzishwa mwaka wa 1983 kwa ushirikiano wa mashirika ya uhifadhi ya kimataifa na Indonesia, na baadaye katika muongo huo ndege waliozaliwa katika bustani za wanyama za Marekani walirudishwa na kupelekwa katika bustani ya wanyama ya Surabaya ili waanzishe kizazi kipya.

Hata hivyo, kuzalisha ndege si sawa na kuwarudisha porini. Ndege aliyezaliwa tunduni hajui mwewe ni adui, wala hajui pa kupata maji wakati wa kiangazi. Kadhalika, kwa kuwa wengi wao wanatokana na mababu wachache, lazima kumbukumbu za nasaba ziwekwe kwa makini ili ndugu wasije wakaoana. Na juu ya yote hayo, ndege mweupe katika msitu wa kijani huonekana kwa urahisi na mwenye mtego.

Njia tofauti ilijaribiwa katika Nusa Penida, kisiwa kidogo kilicho kusini-mashariki mwa Bali. Shirika la Friends of the National Parks Foundation, lililoanzishwa na daktari wa mifugo Bayu Wirayudha, halikuanza na ndege bali lilianza na watu. Liliwaendea wazee wa vijiji vyote na kuzungumza nao kwa miaka kadhaa, hadi vijiji vikakubali kuingiza ulinzi wa ndege katika ‘awig-awig’, yaani kanuni za kimila zinazoongoza maisha ya kila kijiji cha Bali. Mtu anayemwiba ndege huyo hujikuta akikabiliwa na faini na aibu mbele ya jamii yake, adhabu ambayo wengi huiogopa kuliko mahakama. Kuanzia mwaka wa 2006 ndege waliozalishwa tunduni waliachiliwa huko, nao wakaanza kutaga katika minazi na miti ya kisiwa hicho.

Mafanikio hayo hayakukosa doa. Baadhi ya ndege waliendelea kupotea katika miaka iliyofuata, na hesabu za Nusa Penida zimekuwa zikipanda na kushuka. Lakini wazo la kuwashirikisha wenyeji lilipata nguvu. Kandokando ya Hifadhi ya Bali Magharibi, yenye ukubwa wa kilomita 190 mraba, serikali iliruhusu wanavijiji kufuga na kuzalisha maina wa Bali kwa leseni. Katika kijiji cha Sumberklampok, miongoni mwa waliojiunga na kazi hiyo ni watu waliowahi kuwatega ndege hao. Mfugaji huuza ndege aliyezaliwa kwake kihalali, na sehemu ya makinda hurudishwa kwa hifadhi ili waachiliwe.

Mantiki yake ni nyepesi. Mnunuzi akiweza kumpata ndege wa halali mwenye hati, na bei ikishuka, kumtafuta wa msituni hakulipi tena. Wakosoaji huonya kwamba leseni inaweza kutumiwa kuficha ndege wa wizi. Ni onyo la haki, na ndiyo sababu makinda huvishwa pete miguuni na kuandikishwa.

Hali yao leo

Katika Orodha Nyekundu ya IUCN, maina wa kawaida yumo katika kundi la viumbe wasiotia wasiwasi, na idadi yake inazidi kuongezeka. Maina wa Bali yumo katika kundi la walio hatarini mno kuangamia, ambayo ni daraja ya mwisho kabla ya kiumbe kutangazwa kwamba hayupo tena porini.

Ni kweli kwamba katika miaka ya hivi karibuni hali ya maina wa Bali imeanza kutia moyo, na mamia ya ndege wamehesabiwa katika hifadhi na pembezoni mwake. Lakini wahifadhi hawana haraka ya kumshusha kutoka katika daraja hiyo. Wengi wa ndege hao waliachiliwa na binadamu, na wengine bado hutegemea viota vya mbao na chakula wanachowekewa. Swali linaloulizwa si wangapi wanaonekana leo, bali ni wangapi waliozaliwa msituni watakaozaa msituni bila msaada, mwaka baada ya mwaka.

Hapo ndipo jambo la ajabu linapojitokeza. Ndege wa Bali waliomo matunduni na katika bustani za wanyama kote duniani ni wengi kuliko walio porini. Spishi inaweza kuwa na ndege wengi wenye afya na bado ikawa hatarini, iwapo karibu wote wako nyuma ya nyaya.

Funzo kwa Afrika Mashariki

Kenya haihitaji kumtazama maina kama hadithi ya mbali. Kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha taka, na mwaka wa 1947 akaonekana Mombasa. Leo wakazi wa Mombasa, Malindi na Watamu wanajua jinsi anavyopora vyakula, kushambulia vifaranga na kufukuza ndege wa kiasili. Mnamo Juni 2024, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru milioni moja kufikia mwisho wa mwaka huo. Sumu iliyokusudiwa kutumika, starlicide, ilitengenezwa nchini Marekani katika miaka ya 1960 ili kuua kwezi wa Ulaya, yule yule jamaa ya maina aliyemo katika orodha ya viumbe 100.

Vivyo hivyo, msiba wa maina wa Bali una mfano wake karibu na nyumbani. Kasuku wa kijivu, anayependwa kwa ufundi wake wa kuiga maneno ya watu, amesakwa katika misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi kwa miongo mingi. Mwaka wa 2016, nchi wanachama wa CITES ziliamua kumhamishia katika kiambatisho cha kwanza. Katika Msitu wa Kakamega, ukingo wa mashariki wa makao yake, wamesalia wachache mno. Anayemnunua kasuku bila kuuliza alikotoka anafanya lile lile lililofanywa na wanunuzi wa jalak Bali.

Gharama ya visa hivi viwili haifanani, lakini yote huongezeka kwa kuchelewa. Kumzuia mgeni bandarini au kwenye uwanja wa ndege ni rahisi kuliko kumfukuza baada ya kuzaa vizazi kumi. Kisiwa kidogo cha Denis kilihitaji miaka mitano ili kuwaondoa maina zaidi ya elfu moja. Jiji la pwani lenye taka zisizozolewa litahitaji muda mrefu zaidi, na pengine halitafaulu kamwe. Kumlinda ndege angali na mamia porini nako ni rahisi kuliko kuanza upya na sita.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa maina wa kawaida, ufa ulikuwa tundu moja lililoachwa wazi. Kwa maina wa Bali, ulikuwa tundu moja lililofungwa. Katika kijiji cha Sumberklampok na visiwani Ushelisheli, ukuta huo sasa unajengwa, kinda mmoja baada ya mwingine na mtego mmoja baada ya mwingine.